Gesi ya dampo: anza na udongo, jenereta baadaye

Ukiongelea dampo hapa Arusha lazima atokee mtu wa kusema pale Muriet kuna umeme umelala bure tu, na Moshi nao wanasema hivyo hivyo kuhusu Kaloleni. Gesi kwenye dampo ipo, hilo halina ubishi, ila wengi wanaanzia mkiani, mtu anaulizia bei ya jenereta wakati hata hajui taka zake zimefunikwaje.

Iko hivi. Maganda ya ndizi, mabaki ya soko la Kilombero, majani, karatasi, vyote vikishafukiwa na hewa ikakata, bakteria wanavila na kutoa gesi ambayo karibu nusu ni methani na nusu kaboni daioksaidi, plas vijigesi vingine kama haidrojeni salfaidi ile ya harufu ya yai viza. Methani yenyewe haina harufu, na ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 halafu ikapata cheche, inalipuka.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa ni majirani wa dampo. Gesi haipandi juu tu, inatembea chini kwa chini, na ardhi yetu hii ya volkano ina nyufa na kokoto za kutosha kuipa njia. Masika udongo wa juu ukilowa na kuziba ndo kabisa inatafuta pembeni. Loscoe kule Uingereza, Machi 1986, gesi ya dampo ilijipenyeza kwenye nyumba ya mtu ikalipuka na kuisambaratisha, na ilitokea siku ambayo mgandamizo wa hewa umeshuka ghafla, maana hewa ya juu ikilegea gesi ya chini inafyatuka. Chimba visima vyembamba vya kupimia kuzunguka mpaka wote, upande wenye nyumba visogeleane zaidi, na upime kwa kipima gesi, sio kwa kiberiti (kuna watu wanafanya hivyo!). Ukiona kipande cha mahindi kinanyauka peke yake karibu na dampo wakati kwingine yamestawi, pima hapo, huenda gesi imefukuza hewa kwenye mizizi. Na mtu asiingie kwenye chemba au shimo lolote la dampo bila kupima, wengi wanaokufa humo ni wale wanaoruka kumuokoa wa kwanza.

Cha pili funika. Dampo lililo wazi halivunwi gesi, yote inapotea hewani, na likiwaka moto unachoma kile kile ulichokuwa unakitaka. Shindilia taka, weka udongo wa mfinyanzi juu, upe mteremko maji ya mvua yatiririke nje, na yale maji meusi yanayochuruzika toka kwenye taka yawe na mfereji wake, kwa sababu yakijaa chini visima vyako vya gesi vinageuka visima vya maji.

Sasa visima. Unachoronga kwenye taka mpaka kama robo tatu ya kina chake, usifike chini kabisa utatoboa sakafu ya dampo. Unashusha bomba la HDPE (plastiki ngumu), sehemu ya chini limetobolewa matundu, ya juu zima, unajaza kokoto ngumu pembeni (sio za chokaa, asidi inazila) halafu juu unaziba na bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa. Hapo kwenye kuziba usibane hela, kisima kinachovuja ni sawa na kunyonya juisi kwa mrija uliopasuka, unavuta hewa tu. Kila kisima kiwe na valvu yake na sehemu ya kupimia.

Mabomba yanayounganisha visima yawe na mteremko. Gesi inatoka ya moto na imejaa mvuke, ikipoa inatoa maji, na kwa vile taka zinazama mwaka hadi mwaka bomba nalo linabonyea, maji yanajaa pale kwenye bonde na upande wote wa pili unakosa mvuto. Fundi atahangaika na feni ya kunyonya gesi siku nzima kumbe ni ndoo mbili za maji. Weka mitego ya maji sehemu zote za chini.

Feni ya kunyonya iendeshwe kwa upole. Ukivuta kwa pupa unaingiza hewa kwenye taka na moto unaweza kuanza humo ndani bila kuonekana. Kisima kikizidi joto la nyuzi 55 au oksijeni ikipita asilimia 5, punguza valvu hiyo hiyo siku.

Gesi ikishakusanyika ichome kwanza kwenye mnara wa kuchomea. Watu wanaona ni hasara, lakini methani inapasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kaboni daioksaidi kwa miaka 100, so kuichoma tu tayari ni kazi. Mtoni pale Dar walipofunga dampo walianza hivyo. Halafu ile miezi ya kuchoma ndo inakuonyesha gesi inatoka kiasi gani kweli, sio ya kwenye makaratasi.

Hesabu ya umeme: mita moja ya ujazo ya gesi yenye nusu methani inatoa kama yuniti 1.7 kwenye injini nzuri. Ukipata mita za ujazo 100 kwa saa bila kukatika, hiyo ni kilowati 170 hivi. Durban, Afrika Kusini, waliweka injini za megawati kadhaa kwenye dampo la Bisasar Road, lakini lile ni kubwa haswa. Kabla ya injini gesi ikaushwe na iondolewe ile haidrojeni salfaidi, la sivyo oili inaharibika mapema. Vibali ni NEMC (mazingira) na EWURA (nishati), kuuza umeme ni TANESCO.

Na kama taka zenu ni za sokoni bado mbichi, msizipeleke dampo kabisa, mtambo wa bayogesi unazimaliza haraka na gesi haipotei njiani. CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia za vijijini, wako hapa hapa Arusha, waulizeni kuhusu ukubwa wa mtambo.