Somo: Kutafuta Mabomba ya Kunywea Maji ya Enzi ya Malkia Victoria na Kupima Hali Yake Leo

Somo hili linahusu mabomba ya hadhara ya kunywea maji yaliyotengenezwa Uingereza wakati wa utawala wa Malkia Victoria (1837–1901) kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu za mchanga. Baadhi yake bado yamesimama katika bustani, masoko na kando ya barabara za Scotland, England, Wales na Ireland, na mengine yalisafirishwa kwa meli hadi makoloni ya mbali kama Australia. Mengi yametoweka. Anayeyatafuta huhitaji nyaraka za zamani na jicho linaloweza kusoma chuma chenyewe, na vyote viwili lazima viende pamoja, kwa sababu nyaraka husema bomba liliwekwa lini na wapi, ilhali chuma husema ni nini hasa kilichobaki.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1854, mwaka uleule ambao daktari John Snow alihusisha vifo vya kipindupindu katika mtaa wa Soho, London, na pampu moja ya Broad Street, mfanyabiashara Charles Pierre Melly alianza kuwawekea watu wa Liverpool mabomba ya maji ya bure. London ilifuata tarehe 21 Aprili 1859, pale mbunge Samuel Gurney na chama chake walipofungua bomba lao la kwanza katika ukuta wa kanisa la St Sepulchre. Watu wa harakati za kupinga ulevi waliunga mkono kwa nguvu, kwa kuwa kibarua mwenye kiu asiye na maji safi karibu naye aliishia kunywa bia. Mabomba mengi ya mwanzo yalikuwa ya mawe. Chuma kilishika nafasi kwa sababu halmashauri ya mji mdogo iliweza kuchagua bomba katika katalogi yenye picha na namba, kulilipia, na kulipokea vipande vipande tayari kwa kuunganishwa kwa bolti.

Hatua ya kwanza: wajue watengenezaji

Jina la kwanza la kujifunza ni Walter Macfarlane & Co., wenye kiwanda cha Saracen Foundry huko Glasgow. Bomba lao namba 8 ndilo utakalokutana nalo mara nyingi zaidi: lina nguzo nne zinazobeba kuba lililotobolewa kwa nakshi, urefu wake ni futi 9 na inchi 6, na kwenye pembe kuna viumbe wa hekaya wenye kichwa cha tai na mwili wa simba. Katikati husimama mhimili wenye beseni, ambao awali ulining'inizwa vikombe kwa minyororo, na juu yake akakaa ndege korongo. Juu ya matao huenda ukasoma maneno ya Kiingereza "Keep the pavement dry", yaani watu waombwa wasilowanishe njia ya waenda kwa miguu. Kwa maoni yangu hakuna maandishi yanayoieleza enzi hiyo vizuri zaidi: ukarimu na amri katika pumzi moja.

Wengine ni George Smith & Co. wa Sun Foundry, pia wa Glasgow, kampuni ya Coalbrookdale ya Shropshire, na Andrew Handyside wa Derby. Usiyapuuze mabomba madogo ya nguzo moja yenye uso wa simba unaotema maji, yaliyotoka Kilmarnock na kuandikwa hataza (haki ya uvumbuzi) ya Kennedy. Hayana fahari, kwa hiyo hayapigwi picha sana, lakini vijijini ndiyo yaliyowanywesha watu kila siku.

Hatua ya pili: anza na ramani na magazeti

Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni, bila malipo, ramani za Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, za kipimo cha inchi 25 kwa maili moja, zikiwemo za England na Wales. Ramani hizo zilichorwa kwa undani kiasi cha kuonyesha bomba moja la kunywea maji, ama kwa maneno kamili ama kwa kifupisho. Linganisha toleo la mwishoni mwa karne ya 19 na lile la mwanzoni mwa karne ya 20, kisha uweke juu yake picha ya setilaiti ya leo, na utaona ni wapi alama ilitokea, ikahama au ikafutika.

Ukishapata mahali, tafuta siku ya uzinduzi katika magazeti. Ya Wales husomwa bure katika hazina ya maktaba ya taifa lao, na ya Australia katika hazina iitwayo Trove. Mengi ya England na Scotland hulipiwa. Miaka ya 1887 na 1897 ipewe uzito wa pekee, kwani ndiyo miaka ya jubilei mbili za Malkia, na miji mingi iliadhimisha kwa kusimika bomba. Habari ya gazeti kwa kawaida hutaja mfadhili, kiwanda, na pengine hata rangi. Kadi za posta za kabla ya mwaka 1914 zitakuonyesha sura ya bomba likiwa bado na vikombe vyake.

Kumbukumbu za vikao vya halmashauri zina thamani nyingine: zinaeleza jinsi bomba lilivyoondoka. Zisome kwa makini hasa za miaka ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambapo uzio na vyuma vingine vya mitaani vilikatwa na kukusanywa kama vyuma chakavu. Zisome pia za miaka ya upanuzi wa barabara, maana makutano mengi yalipoteza bomba lake ili magari yapite.

Hatua ya tatu: tazama orodha rasmi, lakini usizitegemee peke yake

England ina orodha ya kitaifa ya majengo na vitu vya kihistoria vinavyolindwa, inayotunzwa na Historic England, yenye madaraja ya I, II* na II; Scotland ina orodha ya Historic Environment Scotland yenye madaraja A, B na C; Wales inahudumiwa na Cadw, idara yake ya urithi wa kihistoria. Orodha hizi hutafutwa mtandaoni kwa neno au kwa ramani. Zitumie kama mlango tu. Maelezo mengine yaliandikwa miongo kadhaa iliyopita, na bomba linalosemekana kuwa na kilele chake huenda leo halina hata paa.

Hatua ya nne: lisome bomba lenyewe

Hapa ndipo watu wengi huharakisha, na ndipo pa kukaa zaidi. Tafuta kwanza jina la kiwanda kwenye kitako, ukingo wa beseni au sehemu ya ndani ya matao. Kisha tafuta alama ndogo ya umbo la almasi, iliyotumiwa kati ya mwaka 1842 na 1883 kuonyesha kwamba muundo umesajiliwa. Herufi na tarakimu za pembeni mwake huficha siku, mwezi na mwaka wa usajili, na mpangilio wake ulibadilishwa mwaka 1868, kwa hiyo jedwali la kabla ya hapo halifai kwa alama ya baadaye. Tangu mwaka 1884 alama hiyo ilirithiwa na namba ya kawaida. Tarehe hiyo ni ya kusajiliwa kwa muundo, si ya kusubiwa kwa bomba ulilo nalo mbele yako: kiwanda kiliweza kuutumia muundo mmoja kwa miongo mingi.

Baada ya alama, jaribu sumaku. Chuma cha kusubu huivuta. Alumini na plastiki yenye nyuzi za kioo, ambazo hutumiwa kutengeneza nakala na vipande vya kuziba mapengo, haziivuti. Kipande kilichosubiwa upya kwa chuma kitafaulu jaribio la sumaku bila shida, na hapo utahitaji futi ya kupimia. Chuma kinapopoa katika kalibu hupungua kwa takriban asilimia 1. Fundi wa zamani aliongeza kiasi hicho katika kielelezo chake cha mbao. Anayechukua kipande cha zamani na kukitumia kama kielelezo hupata kipande kipya kidogo kuliko asili. Basi ukikuta nguzo tatu zenye urefu sawa na ya nne imepungua kwa sentimita moja au mbili huku imeinuliwa kwa kipande cha bati chini yake, unajua ipi ni ya baadaye.

Mwisho, angalia kama bomba linakaa penye asili yake. Mengi yamehamishwa, na kitako kipya cha zege ni dalili ya kutosha kukurudisha kwenye ramani.

Hatua ya tano: pima hali yake

Usianze na rangi. Rangi mpya humpendeza mpita njia na humdanganya mkaguzi. Anza chini, pale chuma kinapokutana na ardhi, kwa sababu lami na matofali huongezwa mwaka baada ya mwaka hadi kitako kinazama na maji hayana pa kutokea. Panda hadi kwenye maungio. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4, kwa hiyo hubeba uzito mkubwa bila taabu lakini huvunjika kikivutwa au kupindwa. Bolti zinazokiunganisha mara nyingi ni za chuma cha kufua, ambacho hushika kutu upesi zaidi. Kutu hiyo huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, nayo husukuma maungio hadi yapasuke. Michirizi ya rangi ya kahawia inayotoka katika mwanya mwembamba ni onyo kubwa kuliko kutu pana ya juu juu.

Nguzo ziko tupu ndani. Maji yakiingia na kukosa njia, huganda wakati wa baridi, yakatanuka, na kuacha ufa mrefu wa wima. Andika pia sehemu ambako uso umekuwa laini na mweusi kama penseli: hapo chuma kimeyeyuka taratibu na kubaki grafiti yenye umbo lilelile lisilo na nguvu. Usikichome kwa kisu ili kuhakikisha.

Kisha orodhesha yasiyokuwepo: vikombe, minyororo, koki, kilele, mabamba ya maandishi. Taja saruji iliyopakwa kwenye maungio, kwa sababu hunasa maji badala ya kuyazuia, na alama za kuchomelea, kwa sababu chuma hiki kikichomelewa bila kupashwa moto ipasavyo hupasuka tena pembeni mwa kovu. La mwisho ni kama maji yanatoka. Jibu hilo mimi huliandika katika mstari wake wa peke yake, juu kabisa ya fomu yangu ya ukaguzi.

Piga picha za pande zote na za kila alama, andika tarehe na mahali kwa usahihi, na uziweke panapofikika na umma.

Maswali ya wanachama

Swali: Ninaishi Glasgow na sijawahi kufanya kazi hii. Nianzie wapi?

Jibu: Nenda Alexandra Park ukaitazame Saracen Fountain, iliyotengenezwa kwa ajili ya Maonyesho ya Kimataifa ya Glasgow ya mwaka 1901 na kuhamishiwa hapo mwaka 1914. Kwa hesabu kali si ya enzi ya Victoria, kwani Malkia alifariki Januari ya mwaka huo, na ni kubwa mno kuitwa bomba la kunywea; hata hivyo inaonyesha uwezo wa kiwanda kile. Baada ya hapo nenda Paisley, kwenye Fountain Gardens, ukaone kazi ya Sun Foundry ya mwaka 1868, yenye wanyama wa baharini wenye pembe ndefu za mdomoni na iliyokarabatiwa mwaka 2014. Jicho likizoea kazi safi, kasoro za mabomba madogo zitajitokeza zenyewe.

Swali: Bomba la mji wetu limepakwa rangi nyeusi. Je, naweza kukwangua kidogo nione rangi ya asili?

Jibu: Tafadhali usifanye hivyo. Rangi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ni kweli kwamba weusi huo aghalabu ni wa karne ya 20, na kwamba watu wa enzi ile walipenda kijani, rangi ya shaba na hata rangi kadhaa kwa pamoja. Kulithibitisha ni kazi ya mtaalamu anayechukua kipande kidogo sana na kuhesabu matabaka yake kwa hadubini.

Swali: Kwa nini vikombe havipo popote?

Jibu: Elimu ya vijidudu ilivishinda. Jimbo la Kansas, Marekani, lilipiga marufuku kikombe cha pamoja mwaka 1909, na mahali pengi palifuata kwa kuweka mabomba yanayorusha maji juu. Jijini Paris, mabomba ya chuma yaliyotolewa na Mwingereza Richard Wallace kuanzia mwaka 1872 yalibaki na vikombe hadi mwaka 1952. Tafuta matundu ya minyororo; hayo hayakuondolewa.

Swali: Bomba lililokauka linaweza kurudishiwa maji?

Jibu: Linaweza, iwapo mrija mpya mdogo utapitishwa ndani ya chuma cha zamani ili maji ya kunywa yasiguse kamwe risasi wala kutu, na iwekwe vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mfumo wa mji. Kazi ngumu zaidi huwa ni njia ya maji machafu, kwa kuwa mara nyingi imezibwa chini ya barabara.

Swali: Sisi wa Pwani tunaweza kuitumia mbinu hii?

Jibu: Sehemu ya kusoma chuma, ndiyo. Sultani Barghash aliuletea mji wa Unguja maji ya mabomba, na Beit al-Ajaib yake ya mwaka 1883 ilizungukwa na nguzo za chuma cha kusubu. Sehemu ya jengo hilo ilipoporomoka Desemba 2020, waliokuwa na picha na vipimo vya kabla ya siku hiyo walikuwa na kitu ambacho hakiwezi kupimwa upya.

Swali: Nimeona kipande kinachofanana na cha bomba la mji wetu kikiuzwa na muuza vitu vya kale. Nifanye nini?

Jibu: Hifadhi picha za tangazo, linganisha alama na matundu ya bolti na picha zako za zamani, kisha ujulishe halmashauri kwa maandishi kabla ya kuzungumza na muuzaji. Kuondoa sehemu ya kitu kilichoorodheshwa bila kibali ni kosa la jinai nchini Uingereza, lakini bila picha inayoonyesha kipande kikiwa mahali pake, halmashauri itakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba ni chake.