Anza na Mlango: Kuchagua Vikorokoro Vinavyooana Katika Bustani ya Chunguni

Bustani ya chunguni, yaani bustani ndogo ya mfano inayopangwa ndani ya chungu au beseni, ile ambayo Wazungu huijaza vijumba vya vichimbakazi (vijitu vya hadithi) na huku Lamu hupendeza zaidi ikiwa na daka (kibaraza cha mlangoni), mlango wa nakshi na punda, huharibiwa na kosa moja kuliko mengine yote: vitu kutooana kwa ukubwa. Kila kimoja kizuri peke yake, ukiviweka pamoja jicho linakataa.

Basi amua uwiano kabla hujanunua hata kijiko. Unaotumika zaidi ni 1:12, ambapo futi moja ya kweli huwa inchi moja. Kisha kuna 1:24, nusu yake, na 1:48, robo yake. Kitakachokuamulia ni chombo ulicho nacho. Tuseme unataka kiwanda cha nyumba, yaani uwanja wake wa ndani, chenye mita 7.2 ukuta kwa ukuta. Kwa 1:12 kitakula sentimita 60, hilo ni karai kubwa. Kwa 1:24 ni sentimita 30, beseni la kawaida linatosha. Kwa 1:48 ni sentimita 15, bakuli la mchuzi. Ukitaka na chumba pembeni, kumbuka vyumba vya kale vya Lamu ni vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mkoko na boriti zina urefu wake. Kwa 1:12 hiyo ni sentimita 21 hadi 25.

Kwingine kipimo cha bustani hushikwa na sanamu ya mtu. Hapa wengi hawapendi kuweka sanamu za watu nyumbani, na hakuna hasara: mlango unaifanya kazi hiyo, maana kila anayeutazama anajua kichwa chake kingefika wapi. Mlango wa mbao mbili wenye kimo cha mita 2.1 na upana wa mita 1.2 unakuwa sentimita 17.5 kwa 10 katika 1:12, au 8.75 kwa 5 katika 1:24. Ukimwagiza fundi, usimwambie "nichongee mlango mdogo". Mpelekee karatasi iliyochorwa kwa ukubwa uleule. Ua la nakshi lenye upana wa sentimita 6 kwenye mlango wa kweli litabaki milimita 5 katika 1:12, na patasi nyembamba bado inalipata. Katika 1:24 ni milimita 2.5, mbao inamegeka tu. Anayetaka nakshi ya kuchongwa asishuke chini ya 1:12. Mbao nayo iwe ya nyuzi za karibu, kama mpera. Nyuzi pana za mbambakofi kwenye mlango wa kiganja huonekana kama mifereji.

Kitu kisichoandikwa uwiano, au kilichoandikwa na huamini (na usiamini upesi, hasa cha kuagiza kwa picha), kipime mwenyewe. Tafuta sehemu ambayo ukubwa wake wa kweli unaujua, ugawe kwa ulichopima. Kikalio cha kiti cha kweli kiko sentimita 45 kutoka chini. Kiti chako kikiwa na 3.75, ni 1:12 sawasawa. Kikiwa na 1.9, ni 1:24. Kikiwa na 2.6, gawa: unapata 1:17, na hicho hakina kwao. Muuzaji akisema "kitaenda tu", mrudishie.

Vipimo vya kubeba mfukoni, vyote kwa 1:12: baraza sentimita 3.75, meza 6.25, kidato cha ngazi 1.5, dele la kahawa kama 3. Kwa 1:24 gawa kwa mbili.

Si kila kitu kinadai ukali huo. Vinavyogusana na mwili wa mtu, yaani kiti, kitanda, ngazi, mlango na baraza, visikosee zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Mtungi, kikapu, jiwe na mti havina kimo kimoja hata katika maisha, kwa hiyo mtungi wa sentimita 3 na wa 6 vinakaa kiwanda kimoja bila ugomvi. Punda yuko katikati. Wa Lamu ana kama sentimita 107 mabegani, hivyo ni 8.9 katika 1:12 na 4.5 katika 1:24. Yule wa plastiki mwenye sentimita 6 ni 1:18. Mbele ya mlango wa 17.5 anakuwa mbuzi.

Jahazi ndilo linalowaponza wengi. Lile la kuchonga la sentimita 30, ikiwa linawakilisha chombo cha mita 12, ni 1:40. Kwa 1:12 jahazi hilo lingekuwa mita nzima! Weka mtumbwi badala yake: wa mita 4 unakuwa sentimita 33, au 17 kwa 1:24.

Kitambaa nacho kina kipimo. Kanga ya mita 1.5 inakuwa sentimita 12.5, lakini ukikata kipande cha kanga ya kweli utapata nusu ua na herufi mbili za jina, yaani maandishi yake. Piga picha kanga nzima, ichapishe kwa urefu huo kwenye karatasi nyembamba, uikunjekunje kabla ya kuitundika. Na rangi za kung'aa ziepuke: mng'ao haupungui pamoja na kitu, na ndio unaokifanya kionekane cha kuchezea. Tumia rangi isiyo na mng'ao.

Katika mimea, tazama jani kabla ya kimo. Jani la mrehani la sentimita 4 ni karibu nusu mita katika 1:12. Mti unaofaa kuliko yote pwani ni mkwaju: vijani vyake ni sentimita 1 hadi 2, unavumilia jua na kukatwa ncha. Loweka mbegu usiku mmoja, panda kina cha sentimita 1.5, na mche ukifika sentimita 25 ni mti wa mita 3. Kata ncha kila unapopita hapo.

Mchanga wa sakafu uchekeche kwa wavu wa dirisha. Kilichopita ndicho mchanga wako. Mchanga wa ufuoni una chumvi, nayo hukausha ncha za majani, basi uoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa au tumia wa mtoni. Matumbawe na makombe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyolindwa tangu 1968, hayachukuliwi.

Kusi likivuma, viti vyepesi huruka. Gundisha chini ya kila mguu waya wa shaba wa sentimita 3 na uchomeke udongoni. Waya wa chuma unakula kutu kwa hewa ya bahari na kuchafua kila kitu.

Mwisho, shusha simu hadi kamera iwe sentimita 13 juu ya sakafu, kimo cha macho ya mtu katika 1:12, upige picha. Kilicho kikubwa mno kitajionyesha chenyewe. Ondoa hicho kimoja, piga tena.