Somo: kuotesha mboga kwa mbegu nyumbani, na kwanini masika sio wakati wake (Dar na Pwani)

Wakuu habari za saa hizi. Kila mwaka Machi mvua ikishadondoka mara mbili tatu simu yangu inaanza kuita, mara shemeji mara jirani, wote swali moja, mbona mbegu nimemwaga hazioti, wameniuzia feki? Mbegu haina kosa jamani, umeisia wakati wa mahindi. Tumelelewa hivyo, mvua ikianza ndo unashika jembe, na kwa mahindi na kunde ni sawa kabisa, ila bustani ya mboga hapa Dar haiendi hivyo, mvua ya masika inafukua mbegu ndogo, inalaza miche, inaleta ukungu, mwezi wa tano umebaki na tuta la magugu. Msimu wetu wa mboga ni kipupwe, Juni mpaka Septemba hivi. Na ukitaka nyanya za kipupwe, kitalu unakiweka mwishoni mwa Aprili au Mei huku mvua bado inapiga, ila chini ya paa.

Mimi niko Mbagala, bustani yangu ni kama mita 4 kwa 6 nyuma ya jiko la nje pamoja na ndoo kumi na kitu, nalima kwa ajili ya sufuria yangu, ziada inaenda kwa majirani, kwa hiyo anayetaka hesabu za heka na faida hapa atapoteza bando tu.

HATUA YA 1, MBEGU. Duka la pembejeo angalia tarehe ya mwisho na lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu), halafu angalia na pakiti ilikuwa imekaa wapi, kama ilikuwa inaning'inia mlangoni juani achana nayo hata tarehe ikiwa nzuri, joto linaua mbegu kimya kimya. Nyanya mimi nachukua Tanya au Tengeru 97, zote za mwaka 1997, ni za zamani ila unakamua mbegu zako mwenyewe na msimu ujao zinatoka vile vile. Chotara, zile zimeandikwa F1, zinazaa sana lakini ukirudia mbegu yake inakuletea watoto wa kila sura. Kabla hujasia jaribu kwanza, mbegu 10 kwenye tishu iliyoloa, funika na sahani, hesabu siku ya 7 (nyanya wape siku 10, karoti, hoho na pilipili siku 14). Zikiota 8 poa, zikiota 4 sia nyingi zaidi, ikiota 1 usijisumbue. Kitunguu ndo usikionee huruma, mbegu yake ikipita mwaka nyingi zinakuwa zimeshakufa.

HATUA YA 2, UDONGO WA KITALU. Mchanga wa huku kwetu ukimwagia maji yanapita kama tui kwenye kifumbu. Nachanganya ndoo 2 za udongo wa juu, ndoo 1 ya samadi iliyooza kabisa na ndoo 1 ya mchanga, nachekecha, halafu naumwagia maji yanayochemka na kuuacha upoe mpaka kesho yake, hiyo inapunguza vimelea na mbegu za magugu. Samadi iwe imeoza, narudia, ukishika isiwe na joto wala harufu ya zizi, mbichi inaunguza mizizi. Chombo chochote kinafaa, beseni lililopasuka, dumu lililokatwa ubavu, makopo ya siagi, mradi kitako kina matundu.

HATUA YA 3, KUSIA. Kuna mboga zinazotaka kitalu na kuna zisizotaka kuhamishwa. Za kitalu ni nyanya, hoho, pilipili, biringanya, nyanya chungu, sukuma wiki, chinese, kitunguu. Za kusia hapo hapo zitakapokaa ni bamia, mchicha, kunde, mlenda, matango, maboga na karoti, tena karoti ukiihamisha utavuna kitu chenye miguu mitatu. Kina cha mbegu ni mara mbili ya unene wake, sio zaidi, na hapa ndo wengi wanazika mbegu hai. Bamia kina cha nusu ya upana wa kidole kinatosha, na iloweke usiku mmoja maana ganda lake gumu. Mchicha ni kuugusisha na udongo tu, mbegu zake ndogo mno kwa hiyo changanya kijiko kimoja cha mbegu na vikombe viwili vya mchanga mkavu ndo unyunyizie, la sivyo utaota vichaka vichaka kama nywele za mtu aliyekimbia kinyozi. Baada ya hapo zungushia tuta majivu. Sisimizi wanabeba mbegu za mchicha moja moja mpaka shimoni kwao, mimi nimewahi kukaa na kigoda nikiwaangalia, msafara mzima, hata aibu hawana.

Funika na nyasi kavu nyepesi na mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo. Mchicha siku 3 hadi 5 umeshatoka, chinese na sukuma wiki 4 hadi 7, bamia wiki hivi, nyanya 6 hadi 10, karoti na hoho mpaka wiki 2 au zaidi, usizichokore chokore kuangalia. Zikianza tu kuchomoza toa nyasi jioni hiyo hiyo, ukichelewa siku mbili miche inarefuka myembamba kama uzi na haitakaa iwe sawa.

HATUA YA 4, KINYAUSI. Hapa ndo panapoliza watu. Unaamka asubuhi miche iliyosimama wima jana imelala, ukiangalia shingoni pale inapogusana na udongo pamesinyaa pamekuwa kahawia. Huo ni ukungu wa kwenye udongo, na mche ukishalala hauinuki tena, usipoteze hela. Mwaka wangu wa kwanza nilisia pakiti nzima ya nyanya kwenye beseni moja, mbegu juu ya mbegu, nikafunika na nailoni eti zipate joto, namwagia asubuhi na jioni, nikawa najisifu kabisa kwa majirani, siku ya 12 nilibaki na miche 9. Tangu siku hiyo nasia kwa mistari ya kuachana vidole vitatu, namwagilia asubuhi tu, na nachomeka kidole kwanza, kikitoka na udongo umeng'ang'ania siweki maji. Hewa ipite. Kwenye kivuli kizito chenye unyevu kinyausi hakikosi, ndo maana kitalu cha Mei nakiweka upenuni upande wa mashariki, kipate jua la asubuhi ila mvua isikifikie.

HATUA YA 5, KUHAMISHA. Miche ya nyanya na sukuma wiki inakaa kitaluni wiki 3 hadi 4, hoho wiki 6 hadi 8. Wiki ya mwisho punguza maji na itoe juani kidogo kidogo, leo kwa muda wa saa moja, kesho saa mbili, mche uliodekezwa ukiutupa tu kwenye jua la Dar unababuka. Hamisha jioni, mwagilia kitalu kwanza ili mche utoke na udongo wake. Nyanya izike mpaka karibu na majani ya chini, shina lile litatoa mizizi, ila sukuma wiki na hoho weka usawa ule ule ilivyokuwa. Nyanya ziachane sentimita 50 hadi 60, sukuma wiki 45, hoho 45, najua unaona panabaki patupu, vumilia. Na zungushia kila mche kikola cha karatasi ngumu kama cha boksi la chai, kizame kidogo ardhini, maana sota, kiwavi wa kwenye udongo, anakuja usiku anatafuna shina usawa wa udongo, mche unaukuta umelala.

RATIBA YA MWAKA. Machi hadi Mei kama lazima upande nje basi inua matuta sentimita 30, weka kunde za majani, mlenda na matembele (haya ni vipande sio mbegu), na mchicha siku mvua imepumzika. Juni hadi Septemba panda kila kitu, nyanya, sukuma wiki, chinese, karoti, saladi, giligilani, kabichi pia inajaribika ila usitegemee vichwa vya Lushoto. Vuli, Oktoba hadi Desemba, bamia, biringanya, nyanya chungu na matango, ila mvua za vuli zina hila, ile ya El Nino ya 2023 ilibeba tuta langu zima la karoti mpaka barabarani. Januari na Februari ni bamia tu na mchicha chini ya kivuli cha makuti, saladi usihangaike, mbegu yake joto likizidi nyuzi 30 inagoma kuota, labda uiweke kwenye kitambaa kilicholoa ndani ya friji siku mbili ndo uisie. Mchicha usisie wote siku moja, sia kipande kila baada ya wiki 2, uking'olewa wa wiki ya nne mwingine unafuata, nyumba hailali bila mboga.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Arusha: Mwalimu hii ratiba na sisi wa huku inatuhusu? Juni Julai huku tunavaa makoti.

Jibu: Haiwahusu kabisa mkuu, na asante kwa kuuliza. Nyanya kwenye baridi hiyo inadumaa, na ukungu wa asubuhi unaleta ugonjwa wa bakajani chelewa ambao inamaliza shamba ndani ya siku chache. Huo ndo wakati wenu wa kabichi, karoti na njegere. Nyanya weka kitalu Julai mwishoni au Agosti, upandikize Septemba kukiwa kunapata joto, kwa maji ya kumwagilia.

Mdau wa Kigamboni: Shikamoo anti. Kisima chetu kina chumvi, udongo unabaki na unga mweupe juu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kwanza kitalu kisiguse maji hayo, mche mchanga ndo unaoteseka zaidi, kinga maji ya mvua kwenye pipa kwa ajili ya kitalu tu. Pili chagua mboga, spinachi inavumilia chumvi vizuri na mchicha unajitahidi, ila karoti, vitunguu na maharage sahau. Tatu usimwagie kidogo kidogo kila siku maana maji yanakauka chumvi inabaki juu, mwagia mengi yazame kabisa halafu weka matandazo, yaani nyasi kavu juu ya udongo. Masika ikija iache ioshe udongo, hapo ndo nakubali ina faida.

Mdau wa Tabata: Nikikamua nyanya ya sokoni nikaanika mbegu si itaota tu?

Jibu: Kuota itaota kaka, tatizo huijui mama yake, nyingi za sokoni sa hivi ni chotara. Kama una Tanya yako, chagua tunda la mche ulionawiri sio tunda lililobaki kwenye kapu, kamulia kwenye glasi, iache ichache siku 2 au 3 mpaka ute uachie, osha, zinazoelea mwaga, zilizozama anika kivulini juu ya sahani, sio kwenye karatasi maana zinagandia. Ukishakausha weka kwenye chupa yenye mchele mkavu kidogo, unyevu wa Dar ndo adui wa mbegu.

Mdau wa Morogoro: Nyanya zangu kitako kinakuwa cheusi na zinaoza kabla hazijaiva, nipige dawa gani?

Jibu: Usipige dawa, sio ugonjwa huo. Ni maji ya kubahatisha, siku tatu kavu halafu siku moja mafuriko, tunda linakosa kalisiamu. Mwagilia kwa mpangilio, weka matandazo, na mbolea ya urea punguza. Yaliyoharibika toa, yanayofuata yatakuwa sawa.

Mdau wa Bagamoyo: Na majani ya nyanya yamechorwa chorwa kama ramani, mengine yamekuwa karatasi.

Jibu: Huyo ni kantangaze, kiwavi wa nondo anayekula ndani ya jani, aliingia nchini 2014 na hajaondoka. Chuma majani yaliyochorwa uyachome, usiyatupe pembeni. Mwarobaini unasaidia akiwa bado mdogo, mtego wenye harufu ya nondo jike upo madukani unakamata madume. Kwa miche michache ya nyumbani mimi naifunika na chandarua cha zamani tangu kitaluni.

Mdau wa Maskati: Assalam alaykum. Mie Mzanzibari niko Oman, nina vyungu darini, juu ya nyumba. Bamia yangu ya Juni imekauka yote.

Jibu: Waalaykum salaam kaka yangu. Huko geuza kalenda, sia Septemba mwishoni au Oktoba joto likishapungua, ule mboga zako mpaka Machi Aprili. Wakati wa Juni hata chungu chenyewe kinapata moto mpaka mizizi inachemka, basi vyungu vitoe darini, viweke ukutani penye kivuli, uvipumzishe.

Mdau wa Mbagala: Jirani, haya yote sawa, ila kuku?

Jibu: Kuku hata mimi wamenishinda. Nimeweka miba ya mchongoma, nimeweka neti, jogoo anaruka anatua katikati ya tuta na anaita wenzake. Tena nikikumbuka vizuri jogoo mwenyewe ni wa kwako, kwa hiyo jioni nakuja tuongee.