Kupima usugu wa mbu kwa dawa ya vyandarua

Kabla ya kwenda uwandani, andika swali lako, dawa utakayoipima na mambo yatakayokufanya ufute jaribio. Anayesubiri kuona matokeo ndipo achague ya kutupa, hapimi tena.

Chota viluwiluwi vya Anofelesi, mbu waenezao malaria, kwenye madimbwi mengi. Wa dimbwi moja huenda wametagwa na mbu mmoja, na jibu lao halitakuwa la kijiji kizima. Dimbwi likiwa shambani mwa mtu, piga hodi kwa mwenyewe na kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kumtumia mtu kunasia mbu ni jambo jingine: kunahitaji kibali cha kamati ya maadili na ridhaa ya anayejitolea, ambaye anaweza kujitoa wakati wowote. Kwa kipimo hiki, viluwiluwi vinatosha.

Walee hadi wawe mbu, kisha tumia majike wa siku 3 hadi 5 ambao hawajanyonya damu, 20 hadi 25 kwa kila mrija wa kupimia wa Shirika la Afya Duniani (WHO). Mirija 4 iwe na karatasi ya deltamethrini 0.05%, dawa ya vyandarua, na 2 ya ulinganisho, isiyo na dawa, iwe na karatasi ya mafuta ya silikoni pekee. Wapumzishe saa moja kwanza, uondoe waliojeruhiwa. Shughulikia ulinganisho kabla ya mirija yenye dawa, la sivyo vidole vyako vitabeba sumu. Mbu wakae na karatasi saa 1, kisha saa 24 kwenye mirija safi wakiwa na pamba ya maji ya sukari 10%, nyuzijoto 27 na unyevu karibu 75%.

Mbu aliyepoteza miguu ila bado anaruka, mhesabu kuwa hai. Hapa wengi huteleza.

Sasa tazama ulinganisho. Vifo vikifika 20%, tupa jaribio lote, hata kama namba za dawa zinapendeza. Joto, ukavu au mkono mzito ndiyo sababu za kawaida. Vikiwa kati ya 5% na 20%, sahihisha kwa kanuni ya Abbott, inayoondoa vifo visivyotokana na dawa: vifo vya dawa 80%, vya ulinganisho 10%, basi (80−10)÷(100−10)×100, karibu 78%. Kwenye mirija ya dawa, vifo vya 98% na zaidi: dawa bado inaua. 90 hadi 97%: shaka, rudia. Chini ya 90%: usugu.

Ripoti idadi ya mbu, si asilimia tu. Ukirudisha majibu kijijini, sema wazi kwamba chandarua kisichotoboka bado kinamzuia mbu sugu, watu wasije wakavitupa.