Unataka kuanzisha kikundi cha kuacha pombe mtaani? Jua kwanza hatua 12 zilitoka wapi

Huku Moshi ukisema hatua 12, zile za AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe), watu wanadhani ni mambo ya soba hausi, nyumba za kuachia ulevi, tu, wengine wanajua ni ibada, ndo maana kikundi kikianza vibaya wiki ya tatu kimeshageuka maombi na walevi wenyewe hawaonekani.

Kabla hata ya kutafuta viti: anayekunywa sana kila siku asikate ghafla akiwa nyumbani, anaweza kupata degedege akafa kabisa, apitie hospitali kwanza, hata Mawenzi hapo.

Alafu tafuta mwenzako mmoja aliyekunywa kweli. Wawili mnatosha. Mei 1935 Bill Wilson, mlevi aliyekuja kuanzisha AA, alikuwa Akron, Marekani, ana kama miezi mitano hajanywa, dili lake la biashara limekufa, yuko hotelini anasikia kelele za baa, akaona asipopata mlevi wa kuongea naye anarudi kulekule. Akapiga simu kwa watu wa kanisa mpaka akaunganishwa na daktari mlevi, Bob Smith. Hakumhubiria, alimsimulia yake. Bob alikunywa mara ya mwisho 10 Juni 1935 na AA inahesabu hiyo ndo siku ilizaliwa. Kwahiyo kikaoni mtu aseme "mimi", asiseme "nyie walevi", na mchungaji akija akae asikilize kama wengine.

Sasa Mungu anaingiaje? Wote wawili walipitia Oxford Group, kundi la Frank Buchman, mchungaji wa Kilutheri, na huko ndo kulitoka kujichunguza, kuungama mbele ya mtu, kurekebisha ulipokosea na kukaa kimya asubuhi. Hatua zilipoandikwa, kitabu kikatoka 1939, wasioamini walibisha mpaka ikawekwa "Mungu kama tulivyomwelewa". Hapo ndo Muislamu wa Majengo na Mlutheri wa Marangu wanakaa benchi moja, usipafunge kwa kuchagua sala ya upande mmoja.

Hatua ya 9, ya kwenda kwa uliowakosea, mimi naipenda kuliko zote na Mchagga hahitaji maelezo, ni kama kupeleka isale, lile jani la kuombea msamaha. Shida yetu suluhu ikikubaliwa inateremshwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, yani umeomba msamaha wa ulevi alafu unapewa kata! Mwambie mzee mapema kwamba wewe utakunywa soda, asije akaona umemdharau.

Hela mchange wenyewe, jero jero, ya mwanasiasa msipokee. Baltimore mwaka 1840 walevi sita walianzisha Washingtonian, chama chao cha kuacha pombe, wakajaa maelfu kwa maelfu, wakaingia kwenye ugomvi wa kupiga marufuku pombe na miaka michache tu wakasambaratika. AA haishabikii upande wowote.

Siku iwe Jumamosi saa kumi na moja jioni, saa ambayo kilabu kinaanza kuita, na chai ya tangawizi iwe nyingi.