Kutunza Jino Lililoanza Kuoza kwa Mswaki wa Mti

Kabla ya kutafuta dawa, hakikisha jino limefikia hatua gani. Likaushe kwa kitambaa safi, kisha ulitazame kwenye kioo penye mwanga wa kutosha: doa jeupe lisilong'aa, mfano wa chokaa, hasa karibu na ufizi, huwa mara nyingi ni dalili kwamba asidi ya bakteria wanaokula sukari imeanza kuyeyusha madini ya jino, ingawa tundu bado halijatokea. Hatua hiyo ndiyo inayoweza kurudi nyuma, na kinachorudisha madini ni mate yakisaidiwa na floridi. Kazi ya mmea ni kupunguza utando unaoganda kwenye meno na bakteria.

Hapa Lamu mmea wa kuanza nao ni mswaki, ambao Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake mwaka 1986 kwa jamii zenye desturi hiyo. Chagua kijiti kibichi chenye unene wa kidole cha mwisho. Kikiwa kikavu, kiloweke katika maji safi hadi kilainike. Menya gome kiasi cha sentimita 1, tafuna mpaka nyuzi zichanue, halafu sugua kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, nje na ndani, bila kukandamiza, kwa kuwa kusugua kwa nguvu kushoto na kulia huukwangua ufizi hadi mzizi ukabaki wazi. Magego yasisahaulike. Nyuzi zikichakaa, zikate uchanue nyingine.

Usiku tumia dawa ya meno yenye floridi, uteme povu bila kusukutua. Dondoo iliyokamuliwa kutoka mbegu za zabibu imetia matumaini maabara, ila si mbadala wa floridi. Ndimu, ambayo wengine huisugulia meno yapate weupe, iache kabisa, maana nayo ni asidi. Mabuyu ya rangi, ambayo mtoto (na watu wazima pia, tusijifiche) huyamumunya alasiri nzima, ni afadhali yaliwe kwa mkupuo mmoja baada ya chakula.

Jino likishatoboka, au likiuma kwa maji baridi, nenda kwa daktari wa meno. Karafuu hutia ganzi kwa muda tu huku uozo ukiendelea, na mafuta yake yasiyochanganywa huunguza ufizi.