Bustani ya mboga bila kulima: jembe weka pembeni, tafuta nyasi

Wadau, wengi wakisikia bustani ya bila kulima kitu cha kwanza wanakimbilia duka la pembejeo kununua mbegu. Acha mbegu kwanza, tafuta nyasi. Hii staili unafunika udongo kwa nyasi na majani makavu badala ya kuupiga jembe, kwahiyo inakula matandazo (hizo nyasi na majani ya kufunikia) balaa, na kwa joto la huku kwetu Dar na Pwani ukitandaza unene wa shibiri moja leo, miezi miwili mitatu mbele unakuta vimebaki vidole viwili, nyingine imeoza, nyingine mchwa wamebeba, na kuku wa jirani nao wamepekua. Kama huna sehemu ya kuyapata kila mara na kwa bei ya bure au karibu na bure, bora ulime kawaida tu.

Ya kupata wapi sasa? Ongea na vijana wanaofyeka pembeni ya barabara na viwanja vya mpira, mara nyingi wanazichoma tu. Ukipita sokoni kwenye ndizi, Mabibo kwa mfano, kuna yale majani makavu ya migomba yanayokuja na mikungu. Majani ya mwembe na mkorosho yapo kila uwanja, kila asubuhi yanafagiliwa na kuchomwa, inauma kweli. Mabua ya mahindi, maganda ya karanga, pumba za mpunga kutoka mashineni (hizi ni nyepesi, upepo unazibeba, kwahiyo weka chini halafu nyasi juu). Maranda ya fundi seremala mimi naweka kwenye njia za kupita tu, yanachelewa kuoza na ukiyachanganya na udongo yanavuta naitrojeni mboga inabaki ya njano. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu, la sivyo umejipandia magugu mwenyewe. Na kama hujui zilipokatwa zilipigwa dawa ya magugu au la, ziache, kuna dawa zinakaa kwenye nyasi kavu muda mrefu afu nyanya zako zinajikunja majani hujui kwanini.

Hesabu ya haraka, tuta la mita 1 kwa 3 linataka kama viroba vinne au vitano vya kilo 100 vilivyoshindiliwa kidogo. Anza na tuta moja au mawili basi.

Kuanzisha ni hivi. Fyeka majani yaliyopo hadi chini kabisa, usiyang'oe, mizizi iache iozee humo humo maana ndo inaacha vinjia vya maji na hewa. Kama kiwanja kilikuwa saiti ya ujenzi na udongo umeshindiliwa kama lami, hapo chukua jembe uma, chomeka, tikisa, toa, bila kugeuza udongo, na hiyo ni mara moja tu maisha yote ya hilo tuta. Mwagilia mpaka maji yaingie ndani kweli, hii hatua watu wanaruka, wanatandaza juu ya udongo mkavu na matandazo yanaufungia ukavu humo ndani. Kisha weka samadi iliyoiva, debe mbili au tatu kwa tuta hilo, na ya kuku iliyotoka bandani leo usiweke, inaunguza, iache ipoe wiki kadhaa. Juu ya samadi panga maboksi ya kawaida yasiyo na nailoni, toa selotepu na pini, yapandane kama shibiri moja, yaloweshe chapachapa. Halafu ndo nyasi zako, shibiri nzima, usione aibu kwamba ni nyingi zitashuka zenyewe. Upana wa tuta usizidi mita 1.2 ili uvune ukiwa pembeni, ukishaanza kukanyaga katikati umeua mchezo wote maana hamna jembe la kuja kulegeza.

Ndago sasa, lile gugu sugu. Boksi halizuii ndago, inatoboa kama sindano, asikudanganye mtu. Dawa yake ni kivuli, haipendi kabisa. Tuta lenye ndago panda matembele au maboga kwanza, yatambae yafunike kila kitu, na inayochomoza juu unaichomoa kila ukipita, mwaka ukiisha inakuwa imechoka.

Kupanda kunategemea mboga. Miche ya chainizi, sukuma, bilinganya, nyanya chungu, pilipili ni rahisi, jioni unasogeza nyasi kwa mkono, unatoboa boksi kwa kisu, unachimba kashimo ka kutosha mizizi, unaweka mche na konzi ya samadi, unamwagia maji, unarudisha nyasi ila ziache vidole vitatu hivi mbali na shina, zikigusa shina linaoza au mchwa wanapanda. Bamia, kunde na maboga mbegu zake ni kubwa, zichomeke moja kwa moja kwenye tundu, ila tundu liache wazi mpaka zichomoze. Kazi iko kwenye mchicha. Mbegu yake ni kama vumbi, haiwezi kupita kwenye nyasi za shibiri, kwahiyo tuta la mchicha usiweke boksi, au subiri boksi lioze kwanza. Fungua mistari ya upana wa kiganja, jaza samadi laini, changanya mbegu na mchanga, nyunyiza, funika na nyasi chache sana, na mbegu zikishachomoza siku ya nne ya tano unaziondoa hizo nyasi chache. Ukivuna kata, using'oe, acha vidole vinne unachipua tena. Najua wengi tumezoea mchicha wa kung'oa na mizizi, ila kila ukivuta unaondoka na udongo wako na kufukua tuta, sasa hapo si umelima?

Maji, usidanganyike na nyasi zilizolowa juu. Ukimwagia kidogo kidogo kila siku maji yanaishia kwenye nyasi hayafiki chini. Mwagia mengi mara mbili tatu kwa wiki, afu ingiza kidole chini ya nyasi uhakikishe. Masika ni kinyume chake, Machi mpaka Mei punguza unene ubaki nusu maana konokono wanahamia humo kama wamepangishiwa, uwatoe usiku kwa tochi, majivu ya kuwazuia yakilowa hayana kazi.

Mchwa kwa kawaida wanakula kilichokauka, tandazo likiwa na unyevu mimea mibichi wanaiacha. Ila tuta liwe mbali na ukuta wa nyumba, usije ukawaletea daraja la kwenda kwenye fremu za milango. Na karibu na mlango pia hapana, nyoka anapenda sehemu zenye kificho, kabla ya kuingiza mkono tikisa kwanza na fimbo.

Nyanya, bilinganya, nyanya chungu na pilipili ni ukoo mmoja, zisifuatane tuta moja, katikati ingiza kunde au mboga za majani. Na kila nyasi zikishuka hadi vidole vinne ongeza, hiyo ndo kazi yenyewe, jembe umeliacha lakini kiroba utabeba sana. Wahaya wamefanya hivi kwenye vibanja vya migomba na kahawa miaka na miaka, nyasi zinakatwa huko uwandani zinaletwa kutandazwa chini ya migomba, kwahiyo si kitu cha kizungu hiki.

Mwenye nyumba akiuliza huu uchafu utachomwa lini, mpelekee fungu la chainizi kwanza ndo umwelezee.